Mteja akirudi na dawa mkononi

Wadogo zangu mnaomaliza mafunzo ya utoaji dawa, kusoma cheti na kuhesabu vidonge mtakuzoea ndani ya mwezi. Kitakachowasumbua miaka ni yule mteja anayerudi. Anarudi siku ya tatu au ya nne, bahasha ya dawa imekunjwa, vidonge vimebaki nusu, anaiweka juu ya kaunta na kusema, "Dawa yako imenikataa."

Mimi niko Mafinga, mkoani Iringa, mwaka wa kumi na nne sasa, na miaka ya mwanzo nilikuwa na majibu mawili tu. Mteja akionekana mwoga nilimwambia ni kawaida, amalizie dozi. Akionekana mkali nilimwambia ana aleji, asiiguse tena. Yote mawili niliyasema kabla ya kuuliza hata swali moja.

Swali la kwanza ni la saa na tarehe. Ulimeza lini, na hali hii ilianza lini? Usikubali jibu la "tangu nianze dawa". Mrudishe nyuma taratibu: ilikuwa kabla ya chakula cha jioni, au ulipoamka? Siku ya soko, au kesho yake? Mara nyingi mteja mwenyewe anagundua hapo hapo kwamba kichwa kilikuwa kinauma tangu siku moja kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Ugonjwa nao una dalili zake, na dawa husingiziwa mengi.

Kipo kisa kimoja ambacho hakisubiri maswali: mtu amemeza dawa, na ndani ya dakika chache au saa moja anavimba midomo, ngozi inatoka mabaka yanayowasha, kifua kinabana, sauti inabadilika. Huyo anapelekwa hospitali, iwe kwa bajaji au kwa gari la kuazima. Mengine mtaulizana baadaye.

Yaliyobaki yana muda wake. Vipele vya amoksilini, antibayotiki ya jamii ya penisilini, vinavyotokea siku ya tano hadi ya kumi si sawa na vile vya saa ya kwanza, na kwa watoto mara nyingi vinatokana na kirusi kilicholeta homa yenyewe. Mkojo wa rangi ya chungwa kwa anayetumia rifampisini ya kifua kikuu huanza mapema kabisa na hauna ubaya. Ubaya ni kutomwambia mapema, akaona anakojoa damu na kuacha dawa. Kuna na yanayochelewa. Kuhara sana baada ya dozi kwisha kunaweza kutokana na antibayotiki iliyomezwa wiki kadhaa nyuma. Amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki inaweza kumpa mtu macho ya njano wakati bahasha ilishatupwa zamani. Kwa hiyo ukimuuliza mteja "unatumia dawa gani sasa" umeuliza nusu. Muulize na ya mwezi uliopita.

Nilimpata mwalimu wangu katika hili kwa mpasuaji mbao mmoja wa Sao Hill, mtu mzima, mpole. Alikuwa anatumia doksisaiklini, nayo ni antibayotiki. Alirudi mikono na shingo vimeiva, ngozi inabambuka. "Kamwene, mwanangu," akaanza kwa upole kabisa, "ulinipa sumu?" Nilimwamkia, nikamkalisha, nikauliza anashinda wapi. Msituni, tangu asubuhi, shati la mikono mifupi. Nikamwambia dawa ile huifanya ngozi ishindwe kuvumilia jua. Akacheka. "Jua gani, na baridi hii?" Ni swali zuri, na wengi wa huku watawauliza hivyo hivyo. Mafinga iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inayounguza ngozi inavyozidi, hata kama umevaa sweta. Joto na mwanga unaounguza ni vitu viwili. Kosa lilikuwa langu: nilimpa vidonge nikamwambia asubuhi na jioni, basi. Siku hizi kila anayepewa doksisaiklini kwangu anaondoka ameambiwa mambo mawili: avae kofia na mikono mirefu, na ameze kwa glasi nzima ya maji akiwa amekaa wima, asilale papo hapo. Kapsuli ikikwama kooni huunguza, na mtu huja akilalamika moyo.

Flagyl, yaani metronidazo, mtaiuza sana, na malalamiko yake ni mengi: mdomo kama umelamba msumari, kichefuchefu, mkojo mweusimweusi. Hayo yapo, yanapita, yataje wakati unatoa dawa. Ila msimu wa mvua, ulanzi (pombe ya mianzi) ukiwa mwingi, ongeza swali la pombe, na uliulize bila sura ya mchungaji. Ukisema "wewe unakunywa?" atakataa. Ukisema "ulanzi wa jana ulikuwa mkangafu, ule mkali?" atakuambia hadi kilabu. Maelezo ya dawa hii yanakataza pombe wakati wote wa dozi na angalau siku mbili baada yake, kwa sababu ya kutapika, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. (Ulanzi uliolala siku tatu unaweza kutapisha bila msaada wa Flagyl, kwa hiyo msikimbilie kuandika lolote.) Lakini mtu aliyetumia metronidazo kwa muda mrefu akisema vidole vya miguu vinakufa ganzi, huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na anayemeza siprofloksasini, antibayotiki nyingine, akisema kano ya nyuma ya kisigino inauma, usimuuzie dawa ya kuchua. Aache, aende kwa daktari. Imewahi kukatika kwa watu.

Septrin ndiyo inayonifanya niwe mkali. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016–2017, Njombe iliongoza nchini kwa maambukizi ya VVU kwa asilimia 11.4, Iringa ikawa nyuma yake kidogo tu kwa 11.3. Kwa hiyo watu wengi wa kanda yetu wamepewa Septrin ya kila siku kuzuia magonjwa nyemelezi, na wengi hawatakuambia. Wengi inawafaa bila shida. Lakini akija mtu na vipele katika wiki za mwanzo, usiangalie mkono pekee. Mwombe afungue mdomo. Mtazame macho. Muulize kama ngozi inauma kuliko inavyowasha, kama ana homa. Vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi yenye malengelenge au inayovuka: dawa inasimama, hospitali leo, si kesho. Msimpe mafuta ya kupaka arudi Jumatatu.

Sasa lililonigharimu. Mwaka wangu wa pili mama mmoja alimleta binti yake, aliyekuwa anaharisha siku ya pili ya amoksilini. Kuhara kidogo, hakuna damu, anacheza. Mimi nikachukua daftari lake la kliniki nikaandika kwa kalamu nyekundu: MZIO WA PENISILINI. Nilijiona nimefanya kazi. Miaka kumi baadaye binti yule ni mjamzito, kipimo cha kaswende kimeonyesha anayo, na dawa inayotegemewa kumtibu mama pamoja na mtoto aliye tumboni ni sindano ya penisilini. Muuguzi akaona maandishi yangu, akaogopa, na haki yake kuogopa. Binti akazungushwa wiki mbili. Aliponijia na daftari lile niliutambua mwandiko wangu kabla hajafungua mdomo. Nikaandika barua kueleza kilichotokea siku ile, akaipeleka, daktari akamhoji upya yeye na mama yake, akachomwa sindano akiwa chini ya uangalizi. Hakutokewa na kitu.

Marekani, mtu 1 kati ya 10 husema ana mzio wa penisilini, na wakipimwa takriban 9 kati ya 10 wa hao huonekana hawana. Kwa hiyo andika kilichotokea, si jina la ugonjwa. "Aliharisha mara tatu siku ya pili" inamsaidia atakayesoma miaka kumi mbele. "Mzio" peke yake inamfungia mtu mlango.

Kuna na wateja wanaosoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi, wakatoka jasho. Wafundishe kukisoma. "Hutokea sana" maana yake zaidi ya mtu 1 kati ya 10. "Nadra" ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Na jambo "lililoripotiwa" ni kwamba mtu fulani lilimpata akiwa anatumia dawa. Huenda dawa ndiyo iliyosababisha, huenda la. Hata wanaopewa vidonge visivyo na dawa kwenye majaribio huripoti kichwa kuuma.

Hiyo isiwazuie kuripoti. Fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, haidai uthibitisho, inadai mashaka yenye maelezo. Tanzania iko kwenye mtandao wa dunia wa kufuatilia madhara ya dawa tangu 1993, na taarifa zinakusanywa Uppsala, Uswidi. Fomu moja ya Mafinga haisemi kitu peke yake. Ikikutana na nyingine za Songea, za Kenya na za India, mtu anaanza kutega sikio.

Ila fomu inataka namba ya toleo la dawa, na hapo ndipo wengi mnapokwama. Kwenye bamba la vidonge namba hiyo mara nyingi imegongwa ukingoni upande mmoja. Unapomkatia mteja vidonge sita, anza kukata kutoka upande mwingine, na kabla hajaondoka iandike namba hiyo nyuma ya bahasha yake.