Jibu kwa aliyesema "inasema pendingi, sigusi kitu mpaka wakubali"

Weee! Simama hapo hapo. Umeuliza mambo ya kodi, umeuliza kama kiinua mgongo ulichopewa kitapunguza hela, umeuliza kadi au akaunti ya benki, hayo yote yasubiri kwanza, maana kuna sentensi yako moja imefanya chai yangu ipoe mezani: umeomba mafao ya kukosa kazi (ile hela ya kila wiki ambayo jimbo linampa aliyepoteza kazi) wiki tatu zilizopita, mtandaoni inasema pendingi, yaani bado hawajaamua, na umeamua usiguse kitu mpaka wakubali usije ukaharibu. Mdogo wangu, na mimi niko Houston, Texas, hapa hapa, na mimi nilikuwa na akili hiyo hiyo, na iliondoka na dola 2,884 zangu. Hiyo namba naijua kuliko namba ya simu ya mke wangu.

Sikia. Kuna kuomba MAFAO na kuna kuomba MALIPO. Mafao unaomba mara moja, ukishapoteza kazi. Malipo, kwa hapa Texas, unaomba kila wiki mbili, siku waliyokupangia, na unaomba hata kama hawajaamua chochote, hata kama inasema pendingi, hata kama mbingu zinaanguka. Ni kama shule tu, kuandikishwa ni siku moja, mama anakushika mkono anakupeleka, imeisha. Lakini kila asubuhi mwalimu anaita majina na usipoitika wewe ni mtoro, huwezi kuja mwisho wa muhula unalia eti jina langu si lipo kwenye rejista.

Mimi nilikuwa naendesha foklifti kwenye ghala, Ijumaa moja mchana wakatupunguza watu kumi na kitu. Kiingereza changu cha kuombea maji, nikaenda kwa jamaa mmoja hapa tunamwita Wakili. Sio wakili. Ana meza nyuma ya duka la kutuma pesa, anajaza watu fomu, za uhamiaji, za kodi, za shule za watoto, na ana printa. Mswahili ukimkuta mtu ana printa unamwamini kama kadhi. Akanitoza dola 60, akajaza vizuri tu, kwa kujaza sina ugomvi naye, halafu akanipa wosia: "Sasa tulia. Ukiingia ingia humo wanaona unawasumbua, faili lako linarudishwa chini kabisa." Faili gani jamani?! Mambo yote yako kwenye kompyuta, chini kabisa ya nini? Lakini alisema huku amekunja nne na miwani iko puani, nikaitika ndiyo Mheshimiwa.

Baada ya siku kadhaa ikaja bahasha. Ndani kuna karatasi ina mishahara yangu na imeandikwa nitapata dola 412 kwa wiki. Nikajua tayari nimekubaliwa. Kumbe ile karatasi ni hesabu tu, wanachukua robo mwaka uliyolipwa nyingi kuliko zote ndani ya kipindi wanachoangalia wanagawanya kwa 25, inakwambia UKIKUBALIWA utapata ngapi, haisemi umekubaliwa. Na kulikuwa na karatasi nyingine humo ya maelekezo, siku gani niombe malipo, niombeje, kila kitu. Unajua niliifanyia nini? Niliikunja nikawekea sufuria ya ugali ili meza isiungue. Mpaka leo ina duara jeusi katikati. Ninayo, nimeitunza, kama wengine wanavyotunza cheti cha ndoa.

Halafu sasa nikawa bingwa wa kufuatilia. Kabla ya mswaki nimeingia, pendingi. Nikitoka kumpeleka mtoto shule nimeingia, pendingi. Usiku nikiamka kunywa maji nimeingia. Kama mtu anayefunua sufuria kila dakika kuangalia wali umeiva wakati jiko hajawasha. Wiki nane! Zote nilikuwa ndani ya mtandao ule ule ambao ndio unaombea malipo, sikubonyeza.

Wiki ya tisa wakakubali. Nikamwambia mke Jumamosi pilau. Siku ya kwanza hakuna hela, ya pili hakuna, ya nne nikapiga simu nikaomba mkalimani wa Kiswahili (ni bure, usione aibu, hilo ndilo jambo pekee nililofanya kwa akili). Akaja mama mmoja ana Kiswahili cha Kongo, mpole kweli: "Baba, anauliza, sababu gani haukuombaka malipo?" Nikanyamaza. Akarudia nikadhani simu imekatika, kumbe ni mimi nimekatika.

Wakakataa kunilipa wiki zile, nikakata rufaa. Siku 14 tu, zinahesabiwa kuanzia barua ilipotumwa sio ulipoifungua, na kesi inasikilizwa kwa simu. Nikaulizwa ulipata maelekezo? Nilipata. Uliyasoma? Sasa hapo nimwambie habari za sufuria? Nikasema kuna mtu aliniambia nisubiri. Mtu gani, ni mfanyakazi wetu? Hapana, ana printa. Nikashindwa. Wiki nane toa ile ya kwanza ambayo huwa wanaishika kwanza (na hiyo nayo lazima uiombe), zikabaki saba, saba mara 412, piga mwenyewe.

Kwa hiyo wewe wiki tatu tayari umeshapitwa na siku moja ya kuomba. Ingia LEO, sio kesho, tafuta sehemu ya kuomba malipo. Wanauliza maswali ya kawaida, ulifanya kazi wiki hizo, ulikuwa mzima na tayari kufanya kazi, ulitafuta kazi mara ngapi. Kama ulipata kibarua sema, na utaje hela kabla ya makato, kwa wiki uliyofanya kazi sio wiki uliyolipwa. Ulikoomba kazi andika kwenye daftari na tarehe, wakikuuliza uwe nalo. Ikigoma kwa sababu umechelewa piga simu eleza ukweli, wanaweza kukataa hizo za nyuma lakini angalau za mbele unaziokoa. Na wakikukatalia mafao ukakata rufaa, ENDELEA KUOMBA MALIPO muda wote wa rufaa, maana ukishinda wanalipa wiki ulizoomba tu.

Walioko majimbo mengine msinifuate kwa hizi wiki mbili, New York kwa mfano ni kila wiki, angalieni karatasi zenu, na tafadhali sufuria tafutieni kitu kingine cha kuwekea.

Haya ingia sasa hivi halafu rudi hapa uniambie imekubali au imegoma, niko macho. Na kama aliyekwambia usiguse ana meza nyuma ya duka na miwani iko puani, msalimie, mwambie zile 60 sijazisahau.