Jibu: Goldstein alikuwa tabibu au mtu wa maabara?

Habari mkuu. Nimekuelewa: chanzo kimoja kinamwita Joseph Goldstein, mtafiti wa Marekani wa kolesteroli, tabibu, kingine mtu wa maabara, na wasilisho ni wiki ijayo.

Andika vyote viwili. Wanafunzi ninaowasimamia hukwama hapohapo kwa sababu wanaanzia 1985, alipopata Nobel ya tiba pamoja na mtafiti mwenzake Michael Brown. Anza 1968. Walikuwa wamefahamiana wakiwa madaktari vijana hospitalini Boston, mwaka huo wakaenda taasisi za afya za taifa huko Bethesda. Goldstein alifanya utafiti kwa mwanabiokemia Marshall Nirenberg huku akihudumia wagonjwa, wakiwemo wenye kolesteroli nyingi ya kurithi, ile kali inayoweza kumpa mtoto mshtuko wa moyo. Swali lake la maisha lilitoka wodini. Baadaye akasomea jenitiki Seattle, na 1972 akaungana na Brown Dallas.

Slaidi nyingi zipe jaribio lao la seli za ngozi. Seli za mtu mzima wa afya ukiziwekea LDL, chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, hupunguza kutengeneza kolesteroli. Za mgonjwa hazisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, zinaendelea tu, kwani hazina kipokezi, yaani protini ya juu ya seli, kinachofanya kazi cha kuidaka hiyo LDL. Ukichora hapo vizuri, maswali mengi utayazima mapema.

Maisha yake ya utotoni yapitie kwa sentensi moja. Idadi ya slaidi muulize msimamizi wako, kila idara na utaratibu wake.