Siku ya mwisho Lamu na watoto: tulivyofanya sisi

Mleta uzi anatoka Dar, ana watoto watatu. Watapitia Malindi kisha Lamu, na siku ya mwisho kabla ya kugeuza anataka kuwapeleka kwenye magofu ya Takwa, vijiji vya Shela na Matondoni, na makumbusho. Anauliza aanze na wapi ili zote zienee.

Ndugu yangu, usianze na yoyote. Nakwambia kwa mapenzi, maana haya nilishayafanya yakanitokea puani.

Sisi ni watu wa Tanga. Desemba 2022 tulivuka mpaka wa Horohoro na wanetu watatu, mkubwa ana miaka tisa, kitinda mimba mitatu, tukaenda Malindi. Siku ya mwisho ikatuingia hofu kwamba tukirudi na kitu hatujakiona, hela yetu imekwenda bure. Asubuhi tukaenda Gedi, ule mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, kilomita kama 16 kutoka Malindi. Watoto walipapenda mno. Kima wanatembea juu ya kuta, binti yangu anachungulia kisima, hataki kutoka. Tungekaa pale hadi adhuhuri ingetosha kabisa. Tukawang'oa, tukakimbilia nguzo ya Vasco da Gama jua la utosi, kwa ajili ya picha tu. Wa kati akauliza huyo mtu ni nani. Nikamjibu huku namvuta mkono: Mreno, alifika hapa 1498, twende. Alasiri tukaelekea Marafa, kwenye yale makorongo mekundu ambayo wenyeji wanayaita Nyari, kwa kuwa tuliambiwa yanapendeza jua likizama. Yanapendeza kweli. Mdogo hakuyaona, alikuwa amelala begani kwa baba yake.

Usiku tukafunga mizigo kila mtu kachoka, hakuna anayemsikia mwenzake. Kesho yake tuko kwenye foleni ya kivuko Likoni, napapasa mkoba, hati ya kusafiria ya mdogo haimo. Imebaki kwenye droo, Malindi. Mume wangu akageuza kuifuata, mimi nikabaki Mombasa na watoto na mabegi, tukalala usiku ambao hatukuwa na hela yake, mdogo akapanda homa. Ukimuuliza wa kati leo anakumbuka nini cha Malindi, anakwambia "siku baba alipotuacha". Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Desemba 2024 tukaenda Lamu, siku nne. Safari hii tulikubaliana mapema: siku ya mwisho hatuendi mahali papya. Kila mtoto atachagua mahali pamoja alipokwisha kupaona, turudi pale, tukae mpaka mwenyewe aseme basi.

Mkubwa alichagua karakana ya fundi wa milango. Tulipita mlangoni kwake siku ya pili, ukitoka Usita wa Mui, mtaa mkuu wa mji, unaingia kichochoro kimoja chembamba, akipita punda na mzigo wa matofali lazima ujibanze ukutani. Siku ile tulisimama dakika tano tu. Safari hii binti yangu alikaa chini kabisa, juu ya takataka za mbao, karibu saa mbili. Mzee alikuwa anachonga waridi kwenye mwimo wa mlango. Anaweka patasi, anagonga mara mbili taratibu, anapuliza vumbi, anapitisha kidole gumba pale alipochonga, ndipo anagonga tena. Kila baada ya kugonga anapapasa. Binti akamuuliza, "Babu, kwa nini unapapasa na macho unayo?" Mzee akamwambia jicho hudanganywa na kivuli, kidole hakidanganyiki. Kisha akampa kipande cha ubao kilichobaki, akampa na patasi ndogo, akamshika mkono kumwonyesha patasi inavyolazwa. Tuliondoka na kipande kile kina nusu ya ua. Kipo sebuleni kwetu.

Wa kati alitaka kurudi kwenye Ngome ya Lamu. Mimi nilidhani ngome ameshaimaliza, maana siku ya kwanza tuliizunguka yote na tukaelezwa: ilikamilika 1821, na baadaye ikageuzwa jela hadi 1984. Kumbe hilo la jela ndilo lililokuwa limemkaa moyoni. Alitaka aone kama kutoka ndani mtu anaweza kuona bahari. Tukapanda juu, akahesabu hatua, akashuka, akasimama uani akitazama mbingu. Akaniuliza kama wafungwa walikuwa wanasikia adhana. Nikamwambia walisikia, msikiti uko jirani. Akaridhika. Kama tungekuwa tunakimbilia Matondoni asingepata nafasi ya kuuliza, na mimi nisingejua kwamba siku tatu nzima mwanangu anawawaza wale watu.

Mdogo sasa ana miaka mitano, na hakuchagua mahali, alichagua bibi. Mwenye nyumba tuliyopanga ni mama mtu mzima, kila asubuhi alikuwa anakaa dakani, kile kibaraza cha mlangoni, na sinia la mahamri. Siku ya kwanza alimwita mwanangu, "Ndoo! Ndoo hapa!" Mtoto akakimbia ndani akarudi na ndoo ya chooni. Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, "ndoo" ndiyo njoo yetu, njia wao husema ndia, macho ni mato, maji ni mai. Basi bibi akamkumbatia, na tangu hapo ukawa ndio urafiki wao. Siku ya mwisho walikaa pamoja dakani tangu asubuhi, yeye anamfundisha maneno na mtoto anayarudia huku anatafuna mabuyu, mdomo mwekundu mpaka kidevuni. Mimi nilikuwa karibu nachambua nguo, nawasikia. Sitasahau sauti zile.

Sasa mambo ya kazi.

Mizigo ifungwe adhuhuri. Lamu jua likisimama mitaa inanyamaza, maduka mengi yanafungwa mpaka alasiri, watoto wamelala. Huo ndio wakati wa kufungua kila droo na kuinua kila godoro. Hati zote za kusafiria, pamoja na vyeti vya homa ya manjano, ziwe kwenye mkoba mmoja, na mkoba ukae mwilini kwa mtu mmoja. Kwetu anaushika baba yao.

Chenji za Kenya wape watoto wazimalize. Wabadilishaji fedha tuliowakuta mpakani walikataa sarafu. Sisi tuliwagawia alasiri, kila mtu shilingi 200, aende nazo dukani mwenyewe. Mkubwa alinunua halua ya kumpelekea nyanya yake, wa kati kijimashua cha mbao, mdogo mabuyu tena.

Mabasi ya kwenda Malindi na Mombasa hayaondoki Lamu mjini, yanaondoka Mokowe, ng'ambo, bara. Lazima mvuke kwa boti kwanza, na mabasi ya asubuhi yanaondoka mapema. Ongea na mwenye boti jioni, umwone uso kwa uso, halafu uwe na namba ya mwingine wa pili. Wetu wa kwanza hakutokea, tulisimama gatini gizani na mabegi sita hadi wa pili alipokuja kutuokoa. Njiani kuna vizuizi vya polisi, mnaweza kuambiwa mshuke, kwa hiyo vitambulisho visizikwe kwenye begi lililo juu ya basi. Maji na chakula cha watoto viwe mkononi.

Shela mnaweza kwenda kwa miguu siku yoyote, ni kama dakika arobaini na tano kwa mwendo wa watoto. Waanze asubuhi kabla mchanga haujawaka moto.

Takwa ndiyo nakusihi uiondoe kabisa kwenye siku ya mwisho. Sisi tulikwenda siku ya tatu na ni pazuri, ule msikiti wenye nguzo juu ya kibla watoto waliuzunguka mara tatu. Ila iko kisiwani Manda na njia yake ni mlango mwembamba katikati ya mikoko. Chombo kinaingia maji yakiwa yamejaa na kinatoka kabla hayajatoka. Mkichelewa mnakaa kwenye tope mpaka maji yarudi, na watoto na jua, na huenda boti ya kesho alfajiri mkaikuta mmechoka hoi. Mimi ni mtoto wa mvuvi, nimekulia kwenye hesabu hizi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, pwani yetu hii maji hukauka kabisa kama saa nne, saa tano asubuhi, saa zile zile watu wa hoteli wanapomaliza chai na kutaka kutembea. Nahodha wa kweli atakwambia muondoke saa ngapi. Anayekwambia "wakati wowote, mama" mwache.

Hujaandika tarehe mtakazokuwa Lamu. Ziweke hapa, nikutazamie mwezi utakuwaje, tujue Takwa iangukie siku gani.