Daktari mgeni wodi ya leba: damu hupimwa, haikisiwi

Ukianza mafunzo ya ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake utatamani chumba cha upasuaji. Jifunze kwanza damu inayotoka baada ya kujifungua, maana ndiyo itakayokukuta usiku wewe ukiwa wa kwanza kuitwa.

Macho hudanganya. Damu iliyonywewa na shuka huonekana kidogo kuliko ilivyo. Mtoto akishatoka, tandika chini ya makalio ya mama chombo chenye alama za mililita, na vitambaa vilivyolowa viweke kwenye mizani, kisha utoe uzito wa vikiwa vikavu: gramu 1 ni takriban mililita 1. Zikifika 500, anza tiba. Zikiwa 300 na mapigo yamepita 100 kwa dakika, anza vilevile. Usingoje presha ishuke. Mwili wa mama kijana huishikilia muda mrefu, halafu huporomoka ghafla.

Tiba hutolewa kwa pamoja. Anayejaribu dawa moja kisha akakaa kutazama hupoteza dakika ambazo mama hana. Mmoja akande mfuko wa uzazi, mwingine aweke dripu yenye oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) uniti 10, mwingine achome asidi ya traneksamiki (dawa ya kulinda damu iliyoganda isiyeyuke) gramu 1 polepole kwa dakika 10. Hiyo ya mwisho itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, rudia dozi hiyo ya traneksamiki. Oksitosini iliyokaa nje ya friji (nyuzi 2 hadi 8) hupoteza nguvu, kwa hiyo kagua friji mwanzo wa zamu.

Wakati huohuo tafuta chanzo. Mfuko umelegea? Toa mkojo kwa mpira, kwani kibofu kilichojaa huuzuia kukaza, na ukague kondo kama limetoka zima. Umekaza lakini damu bado inachuruzika? Tafuta mchaniko ukeni na kwenye mlango wa kizazi, ukiwa na taa nzuri na msaidizi. Damu isipoganda ndani ya dakika 7 kwenye chupa kavu ya kioo, tatizo liko kwenye kuganda kwenyewe.

Kukandwa kunauma sana. Mwambie mama unachofanya kabla ya kumgusa, na mtu mmoja abaki kichwani pake akizungumza naye. Kesho yake mweleze kilichotokea, na uandike kwenye kadi yake kiasi cha damu na chanzo: mimba ijayo mkunga atavihitaji.