Maswali yenu kuhusu Real Republikans, timu ya Nkrumah

Safari iliyopita niliigusia Real Republikans, klabu ya mpira ya Ghana, kidogo tu, maswali yakamiminika, nayajibu haya matano.

Ilikuwa timu ya nani?

Ya Rais Kwame Nkrumah. Ilianzishwa 1961, mwaka mmoja tu baada ya Ghana kuwa jamhuri, na aliyeisimamia ni Ohene Djan, mkurugenzi wa michezo. Hilo "Real" wamelitoa kwa Real Madrid. Nkrumah alikuwa anaamini kabisa mpira utaionyesha dunia Mwafrika ni nani, ndo maana akataka mastaa wote wakae timu moja, wazoeane, halafu Black Stars, timu ya taifa, ivune.

Hao mastaa walisajiliwa kwa bei gani?

Bei gani ndugu yangu, walichukuliwa! Klabu kubwa ziliambiwa zitoe wachezaji wawili wawili, tena wale bora. Sasa wewe fikiria ni shabiki wa Asante Kotoko, klabu ya mji wa Kumasi, umemshangilia Baba Yara mpaka sauti imekukauka, mara unasikia kahamishwa kwa amri na keshokutwa anakuja kukufunga. Kotoko walipinga sana na mimi nawaelewa, hata kama nampenda Nkrumah.

Walibeba makombe mangapi?

Kombe la FA mara nne mfululizo, 1962 hadi 1965, na ligi mara moja, 1962/63. Kwa kikosi kile ligi moja naona ni kidogo. Ila Black Stars ilibeba Kombe la Afrika 1963 na 1965, na hapo mchango wao hauna ubishi.

Kombe la klabu bingwa Afrika lilipochezwa kwa mara ya kwanza, nusu fainali na fainali zilikuwa Accra, 1965, na kombe lenyewe lilikuwa na jina la Nkrumah. Republikans wakatolewa nusu fainali na Oryx Douala ya Kamerun, nayo ndo ikaondoka nalo.

Ni kweli Baba Yara aliumia akiwa na timu hiyo?

Kweli, na hii inaniuma kila nikiisimulia. Winga hatari, kabla ya mpira alikuwa anapanda farasi wa mashindano, yaani mwepesi kweli kweli. Machi 1963 wanarudi kutoka mechi mji wa Kpandu basi likapata ajali, akaumia uti wa mgongo, hakutembea tena, akafariki 1969. Uwanja mkubwa wa Kumasi unaitwa Baba Yara, kwahiyo jina lake limerudi kulekule kwa watu wa Kotoko.

Ilikufaje sasa, ilishuka daraja?

Haikushuka. Tarehe 24 Februari 1966 jeshi lilimpindua Nkrumah akiwa safarini Asia, na timu ikavunjwa mwaka huohuo, wachezaji wakarudi klabu zao. Mi naona ilikosa watu wa kuililia, maana shabiki wa Hearts of Oak ya Accra alishakuwa na timu yake, wa Kotoko hivyohivyo, waliobaki kuitetea ni wakubwa serikalini na wao ndo walikuwa wameangushwa. Kotoko yenyewe ikashinda klabu bingwa Afrika ya 1970, mashindano yaleyale yaliyowashinda Republikans wakiwa nyumbani.