Siku Moja ya Mombasa Kabla ya Kupanda Amani

Wasafiri wengi wanaoelekea misitu ya milima ya Usambara Mashariki huko Tanzania, iliko hifadhi ya msitu ya Amani, kupitia pwani yetu huifanya Mombasa kituo cha kubadilishia gari tu: hushuka kwenye treni Miritini, hulala, na alfajiri huwa wako Mwembe Tayari wakitafuta basi la Tanga. Mimi nimeizoea njia hii, na ushauri wangu ni kwamba mtu ajipe siku nzima mjini, wala asiimalize yote Fort Jesus na ufukweni, kwa sababu karibu kila atakachokihitaji msituni kinapatikana hapa, na akishapita Muheza, mji ulio chini ya milima hiyo, hatakipata kwa urahisi.

Jambo la kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Tanzania huwataka wasafiri wanaotoka Kenya wawe nacho. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo aliyeisahau hawezi kuchanjwa Mombasa leo akavuka mpaka wa Horohoro kesho. Jambo hili limalizwe nyumbani mapema, na tangu 2016 cheti kimoja humtosha mtu maisha yake yote. Dawa za kinga ya malaria nazo ni vivyo hivyo: baadhi huanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya safari na nyingine wiki kadhaa kabla, na daktari ndiye wa kuamua ipi ikufae.

Baada ya hapo, shughulikia nguo. Mtu anayetokwa na jasho Mombasa huona vigumu kuamini kwamba kesho yake usiku atatafuta sweta, lakini Amani iko kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na nguo ikilowa asubuhi huenda isikauke hadi kesho. Kwenye mitumba ya Kongowea utapata sweta nzuri kwa bei nafuu, pamoja na suruali ndefu ya kitambaa chepesi, ambayo utaichomeka ndani ya soksi ili siafu na kupe wasikupande. Viatu vipya usivinunue dakika za mwisho. Njoo na vile ambavyo miguu yako imevizoea.

Kitu ambacho sikiachi kamwe ni leso, yaani kanga. Katika maduka ya Barabara ya Biashara, mama mmoja mwenye umri mkubwa alinikunjulia jozi mbili juu ya meza, akazifinya moja baada ya nyingine kwa vidole, kisha akaniambia, “Chukua hii ya pamba tupu, mwanangu, hiyo nyingine yapendeza lakini hainyonyi maji.” Nimeitumia kama taulo, shuka na kitambaa cha kujifunika kichwa mvua inapoanza ghafla, na hukauka upesi kuliko taulo yoyote.

Wale waliozoea kufungia nguo zao katika mifuko ya plastiki wakumbuke kwamba mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na si vizuri kuanza safari ya kuutazama msitu kwa kuvunja sheria inayoulinda. Nunua begi lisilopitisha maji, au kopo pana lenye kifuniko cha kukaza kwa ajili ya simu, dawa na hati.

Fedha badilisha katika duka lenye leseni mjini, wala si kwa vijana wanaokuzunguka mpakani. Kuhusu chakula, Mombasa ni mji wa kula na singependa mtu apite bila mahamri na mbaazi, ila usiku wa kuamkia safari kula kilichotoka jikoni kikiwa moto na unywe maji salama, kwa maana tumbo likiharibika ndani ya basi ni mateso makubwa.

Ondoka mapema sana, ukiuhesabia muda kivuko cha Likoni na mpaka wa Lunga Lunga, ambao ng'ambo yake ndiyo Horohoro, kwa kuwa magari ya kupanda Amani kutoka Muheza ni machache. Ukichelewa mpakani, lala Tanga upande siku inayofuata. Barabara ile ya mlimani, mvua inaponyesha, haifai kupitwa usiku.