Maswali na Majibu: Mwezi wa Tatu Ugenini, na Kazi Haijaanza

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mtaalamu wa takwimu, na shirika la kujitolea limenipeleka nchi ambayo sikuwahi kufika ili nisaidie kituo cha afya kuboresha utunzaji wa kumbukumbu. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu; mimi nimeingia mwezi wa tatu na jembe sijaliona. Niliandaa fomu mpya, ikasifiwa kikaoni, na tangu hapo imekaa kabatini. Wakati wa chai wenzangu huzungumza lugha yao, nami hutazama simu. Silali vizuri. Nivumilie, au nivunje mkataba?

JIBU: Marahaba. Usivunje mkataba kwa sasa, lakini pia usiendelee kusubiri namna hiyo, kwa sababu jembe unalolitafuta halitatoka kwa mkuu wa kituo.

Nianze na hiyo fomu. Muuguzi wa kituo kidogo humwandika mama mmoja katika rejista ya wajawazito, kisha katika kadi anayokwenda nayo nyumbani, na mtoto akizaliwa anafunguliwa ukurasa katika rejista ya chanjo. Mwisho wa mwezi muuguzi huyo huyo huhesabu mistari kwa kalamu ili ajaze ripoti ya wakubwa, huku foleni ikimsubiri mlangoni. Ukimletea fomu nyingine, hata iwe nzuri kiasi gani, umemwongezea mzigo. Ataisifu kwa adabu, maana wewe ni mgeni, kisha ataiweka kabatini. Kwa hiyo omba kukaa kando ya mtunza kumbukumbu kwa wiki kadhaa, umsaidie kuhesabu, na umuulize ni tarakimu gani ambayo wakubwa huirudisha kila mara wakitaka isahihishwe. Hapo ndipo kazi yako ilipo, na huenda ikaanza kwa kufuta safu mbili za jedwali badala ya kuongeza.

Kuhusu muda, mashirika makongwe ya kujitolea hayakuweka mikataba mirefu bila sababu. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1961, huwapa watu wake mafunzo ya miezi mitatu hivi kabla ya kuwahesabia miaka miwili ya utumishi, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni lugha. VSO (Voluntary Service Overseas) ya Uingereza ilianza mwaka 1958 kwa kupeleka vijana waliotoka tu shuleni. Baadaye ikageukia wataalamu wenye uzoefu, kama wewe. Utaalamu, hata hivyo, haukufupishii kipindi cha kuzoea. Mwaka 1955 mtafiti Sverre Lysgaard alichapisha matokeo ya mahojiano na Wanorwe waliowahi kusoma au kufanya kazi Marekani kwa ufadhili, na walioonekana kuzoea kwa shida zaidi walikuwa wale waliokaa kati ya miezi 6 na 18, si wale wa muda mfupi kuliko huo wala mrefu zaidi. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote na matokeo hayo, kwa hiyo usiyafanye kalenda. Ninayataja ili usije ukadhani ugumu ukizidi mwezi wa saba utakuwa umeshindwa.

Simu iache mezani wakati wa chai. Hutaelewa mazungumzo, lakini utajua nani anamtania nani, na hilo litakusaidia kazini kuliko kikao.

Kuna jambo moja ambalo lazima ulichunguze mapema: ni nani aliyeomba uletwe? Mara nyingine maombi huandikwa na ofisi ya juu bila wafanyakazi wa kituo kuulizwa, na hapo ukimya wao si dharau. Keti na mratibu wa shirika pamoja na mkuu wa kituo, mzisome upya hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi uliyoletwa kuifanya, mkubaliane ni nani hasa atafanya kazi nawe kila siku na ataendelea nayo ukiondoka. Asipopatikana mtu huyo, omba kuhamishwa. Kuondoka kwa utaratibu ni haki yako pia. Na usingizi ukiendelea kukukataa, mwone daktari bila kungoja kikao hicho.

SWALI: Posho yangu ni ndogo, lakini majirani wananiona tajiri na wananikopa. Nikatae vipi bila kuvunja ujirani?

JIBU: Kataa mapema na kwa wote sawasawa, kwa sababu ukimpa mmoja, wa pili atauliza kosa lake ni nini. Eleza waziwazi kwamba ni posho ya kujikimu na si mshahara. Wengi hawajui, na hawana pa kujulia. Ukitaka kusaidia, changia panapochangiwa na kila mtu, kama msiba au harusi, kwa kiwango wanachotoa watu wa kipato kama chako. Kuhusu kufanya kibarua cha pembeni ili uongeze kipato, soma kwanza mkataba na masharti ya viza yako, kwa kuwa mara nyingi vyote viwili hukataza.